Viatu vya Binti wa Mwalimu Brashi

Wanafunzi walimwita Brashi, na chanzo cha jina hilo kilikuwa kwenye droo ya meza yake. Humo aliweka brashi ya viatu, kopo la kiwi nyeusi na kipande cha fulana kuukuu cha kung'arishia. Kila asubuhi kabla ya kengele alisimama langoni mwa shule, mikono nyuma, macho chini. Nyuso hazikumhusu. Watoto walimpita kama viatu vitupu vinavyotembea, na yeye alivisoma vyote: hivi vimepakwa kiwi mbele tu, kisigino kina vumbi la juzi, hivi vimefutwa kwa soksi sasa hivi, hapo kwenye kona, hivi si viatu, ni raba zilizopakwa wino. Mwenye raba alirudi nyumbani. Brashi hakuchapa mtu wala kupaza sauti. Alinyoosha kidole kuelekea barabarani, na mtoto akageuka mwenyewe.

Hakuwa mtu mbaya. Alifundisha hesabu, na wale waliokuwa wazito wa kuelewa aliwabakiza jioni akawaelekeza taratibu, bila dharau, mpaka wakaelewa. Ila kwenye habari ya viatu alikuwa hasikii la mtu. Yeye ndiye mwalimu wa nidhamu, na aliamini kwamba uvivu humwingia mtoto kupitia miguuni kisha ukapanda polepole hadi kichwani.

Nyumbani kwake waliishi wanne: yeye, mkewe aliyekuwa mpishi kwenye jiko la hospitali, mama yake mzazi, na binti yao wa pekee aliyekuwa kidato cha tatu, pale pale shuleni kwa baba yake. Kwa binti huyo aliweka sheria tangu siku ya kwanza. "Ukivuka lile lango mimi si baba yako. Ni mwalimu. Utaniita mwalimu kama wenzako, na upendeleo usiutegemee." Binti aliishika sheria hiyo kuliko hata alivyotarajia. Wakikutana kwenye korido alisema, "Habari za asubuhi, mwalimu," kwa sauti ya watu wasiojuana, akapita.

Tatizo la binti lilikuwa miguu. Tangu alipovunja ungo, pale kidole gumba kinapoanzia, kila mguu ulianza kuota nundu upande wa ndani. Nundu zikakua, zikawa ngumu na nyekundu, na vidole gumba vyenyewe vikaanza kuinama kuelekea wenzao. Viatu vya shule, vile vyeusi vya ngozi vyenye ncha nyembamba, vilizisugua kutwa. Akifika nyumbani alivua akiwa bado mlangoni, akatembea kwa visigino mpaka chumbani kwa bibi yake.

Bibi alikuwa na miguu ile ile. Za kwake nundu zilikuwa kubwa kama kokwa, na kidole gumba kimelala juu ya kidole cha pili kama mlevi aliyemwegemea rafiki. Viatu vyake vilikuwa vya turubai, na alivikata kwa wembe ubavuni, kila kimoja tundu lake. "Nimewatobolea dirisha," alikuwa akisema, "nao watazame barabara." Alimpashia mjukuu maji, akatia chumvi, akamwambia, "Pole, mke mwenzangu. Sura umechukua kwa mama yako, miguu umenipokonya mimi."

Brashi hakuyapenda maneno hayo. "Mama, usimtie mtoto mawazo. Hana kitu. Anajidekeza."

"Miguu inauma, wewe unasema inadeka?"

"Viatu vipya vyote hubana. Vikizoea vinatanuka."

"Vinatanuka lini? Mimi nilivingoja vyangu mpaka nikazeeka," bibi akasema, na mjukuu akacheka huku amekunja uso kwa maumivu.

Ukweli ni kwamba Brashi aliwahi kuiona miguu ya binti yake, kwa kuibia, mlango ukiwa wazi, akageuza macho haraka. Viatu vya mama yake vyenye matundu vilikuwa vimemwaibisha tangu utotoni. Kila alipoona nundu ile alisikia tena wenzake wa darasani wakicheka. Hakutaka kuiona ikianza upya ndani ya nyumba yake, basi akaamua kwamba haipo.

Mwisho wa mwaka shule iliandaa mahafali ya wanaomaliza, na binti akachaguliwa kusoma hotuba ya kuwaaga kwa niaba ya wanaobaki. Alichaguliwa kwa haki, kwa sababu hakuna aliyesoma vizuri kama yeye. Wiki ile alimfuata baba yake akiwa anapiga pasi shati.

"Baba, siku ya mahafali naomba nivae raba. Nyeusi. Nitazisafisha mpaka zing'ae."

Brashi aliweka pasi wima. "Binti wa mwalimu wa nidhamu, mbele ya mgeni rasmi, avae raba? Halafu Jumatatu nisimame langoni na uso gani?"

"Nitasimama muda mrefu, baba. Siwezi."

"Utaweza. Jikaze."

Siku mbili baadaye alimletea viatu vipya, vyeusi, vinavyong'aa kama kioo, vyenye ncha nyembamba kuliko hata vile vya zamani. Aliviweka mezani kama zawadi. Binti alisema asante. Mama yake alivigeuza mkononi, akamtazama mumewe, akavirudisha mezani.

Asubuhi ya mahafali bibi alikuwa ameshavaa gauni lake la kutokea na kukaa sebuleni, viatu vyake vya madirisha miguuni. Brashi alipita, akavitazama, akarudi.

"Mama, leo jua litakuwa kali. Shughuli zenyewe ndefu. Si bora upumzike?"

Bibi alimtazama usoni, kisha akatazama viatu vyake, kisha akamtazama tena. "Kweli," akasema. "Jua." Akainuka kwenda kubadili nguo. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakuelewa.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi, mzee mmoja mpole mwenye suti ya kijivu, alikaa mstari wa mbele, na Brashi akakaa kando yake kwa sababu ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli. Mkewe alikaa nyuma yao. Binti aliitwa, akapanda jukwaani kwa hatua fupi fupi, akasimama nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa mpaka chini, akaanza kusoma. Alisoma vizuri mno. Aliwataja wapishi wa shule, akamtaja mlinzi, akawatania wanaoondoka kwa jinsi walivyokuwa wakisinzia kipindi cha mchana, na watu wakacheka mahali alipotaka wacheke. Brashi alijisikia kifua kikimpanuka. Hakujua kwamba katikati ya ukurasa wa pili binti alikuwa amevua viatu kimya kimya nyuma ya kile kitambaa, kwa sababu maumivu yalikuwa yamefika mahali herufi zinamchezea machoni.

Hotuba ikaisha, makofi yakalia. Mwalimu mkuu akamwita binti ashuke apewe mkono na mgeni rasmi.

Binti hakutoka. Aliinama nyuma ya meza. Watu waliona kichwa chake kikizama, kikaibuka, kikazama tena. Miguu ilikuwa imeshavimba, haiingii. Makofi yakafifia, ukumbi ukaanza kunong'ona. Hatimaye alitoka akiwa na soksi tupu, viatu amevishika mkononi kwa visigino. Soksi zilikuwa nyeupe, na ya mguu wa kulia ilikuwa na doa jekundu upande wa ndani, pale pale kwenye nundu.

Kwanza watu wa mbele walinyoosha shingo kuliona. Kisha kutoka viti vya nyuma sauti moja ikapaa: "Brashi! Mrudishe nyumbani!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wanafunzi, wazazi, hata walimu wawili watatu waliojifanya wanakohoa. Binti alitembea katikati ya kicheko hicho, macho mbele, midomo ameibana, akaja kusimama mbele ya mgeni rasmi na kumpa mkono. Mzee yule aliushika kwa mikono miwili. Binti alipoondoka, mzee alimwinamia Brashi.

"Maskini, anaumwa miguu. Mtoto wa nani huyu?"

Brashi alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu.

"Ni mwanafunzi wetu," alisema. "Wa kidato cha tatu." Na kama vile hiyo haikutosha, akaongeza, "Tutamshughulikia."

Mgeni rasmi aliitikia kwa kichwa na kugeukia jukwaa. Brashi naye alitazama jukwaa, lakini hakuona kilichoendelea. Alijua nani amekaa nyuma yake. Aibu yenyewe ilikuwa imeshageuka. Haikuwa tena ya soksi.

Mkewe alingoja mpaka walipofika nyumbani na binti amejifungia chumbani kwa bibi. Hapo ndipo alipokuja jikoni, mumewe anakunywa maji.

"Mtamshughulikia," akasema. "Wewe na nani?"

Brashi aliweka gilasi chini.

"Nakuuliza. Wewe na nani? Nilikuwa nyuma yako. Nilisubiri useme ni wangu. Nikasema sasa atasema, sasa atasema."

"Shuleni tuna utaratibu wetu. Pale mimi ni..."

"Mwanaume, usiniletee utaratibu hapa." Sauti yake haikupanda. "Mtoto anatoka damu, wewe unamkana mbele ya mgeni."

Brashi alitoka jikoni. Alikwenda akabisha mlango wa chumba cha mama yake. Binti alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni. Bibi alikuwa chini, anamkanda. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Alichuchumaa, na kwa mara ya kwanza aliitazama ile miguu bila kugeuza macho. Ngozi ya nundu ya kulia ilikuwa imechanika. Vidole vilikuwa na alama za kubanwa, kimoja juu ya kingine. Miguu ya mtoto wa miaka kumi na sita, na tayari ilikuwa imechoka.

"Inauma tangu lini?" akauliza, akajisikia mjinga kabla hajamaliza.

"Tangu kidato cha kwanza," binti akasema akiyatazama maji. "Nilikuambia."

Mkewe aliwapatia nafasi kwa daktari wa mifupa pale hospitalini anakopika. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani ameisukuma juu ya nywele. Alimsimamisha binti, akambonyeza, akamzungusha vidole, akawaonyesha kwa kalamu jinsi mfupa wa chini ya kidole gumba ulivyotoka kwenye mstari wake. Akauliza nani mwingine kwenye ukoo ana miguu kama hii.

"Mama yangu," Brashi akasema kwa sauti ndogo.

"Basi amerithi. Si kosa la mtu. Ila viatu vyembamba vinamwongezea maumivu, kila siku, kama kumchokonoa kidonda. Upasuaji upo, lakini tusiuzungumze mpaka amalize kukua, na huenda asiuhitaji. Kwa sasa ni viatu: vipana mbele, ngozi laini, kisigino kifupi, vya kamba ili mguu usiteleze. Nendeni kununua alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Simama juu ya karatasi ngumu, uchorwe mguu, mkate mchoro. Ukiutia ndani ya kiatu ukajikunja, hicho kiacheni dukani." Akavuta karatasi nyingine. "Na shuleni nitaandika barua, maana najua hizi shule na viatu vyao. Nimwandikie nani?"

"Mwalimu wa nidhamu," binti akasema.

"Huwa mgumu?"

Binti alimtazama baba yake. "Muulize mwenyewe. Ndiye huyu."

Daktari alishusha miwani kutoka kwenye nywele hadi puani. Alimtazama Brashi, kisha akairudisha ile karatasi mahali pake. "Basi hiyo barua haina haja ya bahasha," akasema.

Jumamosi baba na binti walizunguka madukani, mchoro wa karatasi ngumu ndani ya mfuko. Kwenye duka la kwanza mchoro ulijikunja ndani ya kila kiatu. La pili, vivyo hivyo. La tatu, muuzaji aliitazama miguu ya binti, akainua nyusi na kusema hawauzi viatu vya wagonjwa, na Brashi, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti langoni, alimjibu kwa sauti mpaka wateja wakageuka. Binti alimvuta shati. "Baba, twende. Unaniaibisha."

Duka la mwisho lilikuwa kwenye kona, refu na jembamba, viatu vya kike kulia na vya kiume kushoto. Dada aliyekuwa akipanga maboksi aligeuka, akakaa sekunde moja, akafunua meno yote.

"Mwalimu Brashi! Loh, samahani. Mwalimu."

Alikuwa amesoma pale shuleni miaka iliyopita. Brashi alimkumbuka uso kwa taabu, kwa sababu nyuso hakuwa anaziangalia. Dada alimkazia macho, akaangua kicheko. "Umenirudisha mimi nyumbani, mwalimu, wee! Nilikuwa nashirikiana viatu na dada yangu. Yeye akiwa na mtihani, mimi nakuja na raba."

"Hukuniambia," Brashi akasema.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unanyoosha kidole tu." Alisema kwa mzaha, bila kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma. Kama angemlaumu, Brashi angejua la kumjibu.

Viatu vya kike vyote viliukunja mchoro. Dada alishusha boksi baada ya boksi, akajifuta jasho, mwisho akakaa juu ya stuli akakubali kushindwa. Binti ndiye aliyevuka upande wa pili. Alichukua kiatu cha kiume, cheusi, cha kamba, ncha yake duara na pana, ngozi laini isiyo na mshono ubavuni. Akautia mchoro ndani. Ulilala chini, bila kujikunja.

"Cha kiume hicho," Brashi akasema, kabla hajafikiri.

Binti alikirudisha rafuni polepole. Uso ulikuwa umemshuka. "Najua. Wataniita mjomba."

Brashi alikichukua tena. Aliuliza kama kuna saizi yake, na dada akaileta. Akamkalisha binti kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni, pale katikati ya duka, watu wanapita. Akamvisha kimoja, akamvisha cha pili, akaanza kufunga kamba. Alilegeza mahali pa nundu, akaminya mbele kwa kidole gumba kuona kama vidole vina nafasi.

"Vinabana?"

"Hapana."

"Usinifiche."

"Havibani, baba."

Binti alisimama. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda tena, safari hii kwa kasi, mpaka karibu agongane na mteja. Hakuwa akitembea kwa visigino wala kupindisha mguu kando. Brashi aligundua kwamba alikuwa amesahau jinsi binti yake anavyotembea. "Mjomba sawa," binti akasema, akajitazama kwenye kioo cha chini na kujigeuza. "Lakini mjomba anatembea."

Alikataa kupanda gari kurudi nyumbani. Alitaka kwenda kwa miguu, naye Brashi akamfuata, boksi lenye viatu vya zamani likiwa kwapani. Walitembea mpaka walipopita maduka yote. Kisha Brashi akapiga moyo konde.

"Siku ya mahafali, mgeni rasmi aliniuliza wewe ni mtoto wa nani."

"Najua. Mama aliniambia siku ile ile."

Brashi alisimama. "Ulijua? Na kule dukani ukaniacha nikufunge kamba mbele ya watu?"

"Nilitaka kuona kama utaweza kupiga magoti."

Brashi alihamishia boksi kwapa la pili. "Nisamehe, mama."

Binti alikwenda hatua kadhaa mbele, akaangalia viatu vyake vipya, akamgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu mzima anayetaka kusema kweli.

"Bado, baba," akasema. "Nakupenda, lakini bado."

Kwenye kikao cha walimu Brashi aliomba sheria ya viatu ibadilishwe: kiatu chochote cheusi kilicho safi kiruhusiwe, raba ikiwemo. Mwalimu mkuu alimuuliza mambo ya miguu yamemgusa tangu lini. "Tangu mahafali," akajibu, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kama wangecheka. Sheria ilibadilishwa. Alirudi kwenye lile duka la kona ili amwombe radhi yule dada kwa maneno kamili, aliyokuwa ameyapanga njiani, akaambiwa ameacha kazi na hakuna anayejua alikohamia.

Shuleni walimwita binti Mjomba kwa majuma machache. Yeye akawa anaitika kwa sauti nzito mpaka mzaha ukawaishia. Asubuhi aliondoka mapema na wenzake, na kwa muhula mzima hakutembea na baba yake. Brashi alimwona akitangulia barabarani, anacheka, anaruka madimbwi, na alitamani kumwita. Hakumwita. Alipunguza mwendo ili asimfikie.